Kitambaa Kwenye Usukani

Mtungi ulikuwa tayari hewani Gabow alipouona. Ulikuwa mtungi wa manjano wa maziwa ya ngamia, umeteleza kutoka juu ya pikapu iliyojaa pomoni, na ulikuwa unashuka moja kwa moja kwenye vichwa vya wanawake waliosongamana chini. Soko Mugdi la Garissa lilikuwa linachemka asubuhi ile. Pikapu ya maziwa kutoka Balambala ilikuwa imechelewa tena, jua limeshapanda, na kila mwanamke alikuwa anaitisha mtungi wake kabla maziwa hayajaharibika. Gabow hakupata muda wa kufikiri. Aliruka, akaudaka kifuani kama mtu anayepokea mtoto, akayumba, akakanyaga mguu wa mbuzi wa mtu, akasimama wima.

"Warya! Wewe kijana, weka chini maziwa yangu!"

Aligeuka. Mbele yake alikuwa msichana mrefu aliyevaa buibui jeusi na hijabu ya rangi ya chungwa iliyowaka kuliko jua lenyewe. Vidole vyake vilikuwa na hina mpya, na macho yake yalikuwa macho ya mtu aliyekwisha kuibiwa mara moja na hataki tena.

"Hata asante?" Gabow aliuliza, akihema.

"Asante utapata ukishauweka chini. Kuna watu hapa wanabeba mitungi ya wenzao kwa bahati mbaya, na bahati mbaya yao inafika mpaka jikoni kwao."

"Na wewe unajuaje ni wako? Yote ni ya manjano."

Alionyesha mshikio wa mtungi. Palikuwa na kipande cha kitambaa cha rangi ya chungwa, kimefungwa kwa fundo gumu. "Kila mwanamke wa kikundi chetu ana kitambaa chake. Hiki nimekikata kwenye hijabu hii hii. Ukitaka kuniibia, inabidi uibe na kichwa changu."

Gabow aliuweka mtungi chini taratibu, lakini alichelewa kuuachilia. Harufu ya moshi ilikuwa inatoka kwenye kifuniko, ile harufu ya mti unaofukiziwa ndani ya mtungi kabla ya kukamua ngamia. Hakuwa ameisikia kwa muda mrefu.

"Mbona unanusa kama paka? Kwani umetoka wapi, huko hakuna maziwa?"

"Jela," Gabow akasema. "Nimetoka juzi. Kule chai ni ya rangi tu."

Siku ile alipovuka lango la gereza alikuwa amejiapia jambo moja: hatamficha mtu kwamba amefungwa. Popote atakapofika, atalisema hilo kwanza. Alikuwa amelisema katika ofisi ya mabasi, akalisema kwa mwenye malori ya mchanga, akalisema kwenye ghala la simenti, na kila mahali aliona uso wa mtu ukifungwa kama duka wakati wa swala. Kwa hiyo alisimama akisubiri uso huu nao ufungwe.

Msichana aliangua kicheko. Alicheka mpaka akaegemea pikapu.

"Jela! Haya, na mimi nimetoka Ikulu. Kule chai yote ni ya maziwa ya ngamia. Jina lako nani, mfungwa?"

"Gabow."

"Mimi ni Ilhan. Nibebee huo mtungi mpaka kwenye meza yangu, kabla hujarudishwa ndani."

Gabow aliubeba miguu yake haigusi ardhi. Tangu atoke hakuna mtu aliyekuwa amecheka! Huyu ameambiwa yote, amecheka, na bado amemkabidhi maziwa yake. Hakujua, maskini, kwamba katika soko lile vijana huwarushia wasichana kila aina ya maneno ili wapate kuongea nao, na kwamba Ilhan alilihesabu lake kuwa mojawapo. Yeye alikichukua kicheko kuwa msamaha, na Ilhan aliuchukua ukweli kuwa mzaha. Walikosea wote wawili, na mapenzi yao yakaingilia hapo hapo.

Simu zilianza jioni ile ile.

"Mfungwa wangu, umekula?"

"Nimekula, afande."

"Umekula nini?"

"Maharagwe."

"Bado unakula chakula cha jela! Kesho nitakuletea mkate wa muufo na nyama. Na kazi, umepata?"

Hapo Gabow alikuwa akivuta pumzi. "Leo nimeenda kwa mwenye matangi ya mafuta. Amesema nilete cheti cha polisi cha tabia njema. Nikamwambia alama za vidole vyangu ziko huko tayari, zinanisubiri kwa hamu."

Ilhan alikuwa akicheka mpaka simu inakwaruza. Alipenda namna kijana huyu alivyoishikilia hadithi yake bila kuchoka. Alipomsimulia jinsi alivyojifunza kutengeneza injini katika karakana ya gereza, chini ya askari mnene aliyekuwa anasinzia na spana mkononi, Ilhan alisema, "Wallahi, wewe ungeandika tamthilia." Gabow alidhani anasifiwa ujasiri wake.

"Ilhan, hukuogopa? Siku ile nilipokuambia?"

"Nikuogope wewe? Una masikio kama ya swala. Lala, macaanto. Kesho oga vizuri uje, nakupeleka kwa mwenyekiti."

Macaanto! Mtamu wangu! Gabow alikaa na simu sikioni muda mrefu baada ya Ilhan kukata.

Mwenyekiti wa kikundi cha maziwa alikuwa mama mmoja mpana, Hawo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na sauti ya kuita ngamia. Kikundi kilikuwa kimechoshwa na dereva wao, mzee Ogle, ambaye hakuwahi kupita kibanda cha chai bila kusimama. Maziwa yalikuwa yakitoka Balambala mabichi na kufika Garissa yameanza kuganda.

"Unajua kuendesha?" Hawo aliuliza.

"Najua, habaryar, mama mdogo. Magari madogo, malori, chochote chenye usukani."

"Ogle naye anajua. Tatizo lake ni mdomo." Wanawake wakacheka. "Sikiliza, kijana. Sisi hatuulizi vyeti. Hapa tunauliza kitu kimoja: nani anakusimamia? Akitokea mmoja wetu akakusimamia, anafunga kitambaa chake kwenye usukani. Ukiharibu maziwa yetu, ni mitungi yake itakayotulipa, mpaka tutosheke. Gari lisilokuwa na kitambaa haliondoki hapa."

Gabow alifungua mdomo. Alitaka kueleza habari zake zote, kama alivyojiapia. Lakini Ilhan alikuwa ameshasimama.

"Mimi."

"Unamjua?" Hawo aliuliza.

"Namjua kuliko anavyojijua. Habari zake zote ameniambia mwenyewe."

Moyo wa Gabow ulijaa, akafunga mdomo. Anayemsimamia anajua kila kitu. Wengine watajua kwa wakati wao. Ilhan aliingia kwenye pikapu, akachana ukingo wa hijabu yake ya chungwa kwa meno, akaufunga kwenye usukani kwa mafundo mawili. Mama mmoja akapiga vigelegele, kisha wote wakaitikia, na mzee Ogle kwenye kibanda cha chai akainua kikombe chake kama anayeagwa.

Ewe msomaji, hujawahi kuona dereva mwenye furaha kama yule! Aliondoka Balambala ukungu wa mto ungali umelala juu ya migomba, mitungi imefunikwa kwa magunia mabichi ili isipate moto, na hakusimama popote. Akifika Soko Mugdi, alipiga honi kwa mbwembwe, na wanawake wakamkimbilia wakiita, "Maziwa mabichi! Yanatoka povu!" Wenye hoteli wakaanza kuwasubiri wao tu. Na kila asubuhi, katikati ya vurugu ile, palikuwa na hijabu moja aliyoitafuta kwanza. Alianza kuwaza habari ya posa. Alianza hata kuimba akiendesha, ingawa hakujua nyimbo.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Maziwa yalikuwa yameisha mapema, na wawili wale walikuwa wamekaa kwenye makreti wakinywa chai. Ilhan alikuwa amevaa dera la buluu chini ya buibui, na alikuwa na uchovu mtamu wa mtu aliyeuza vizuri.

"Nikipata nafasi nitaenda kumwona ayeeyo," alisema. "Bibi yangu Timiro. Ndiye aliyenilea, kule Sangailu."

Kikombe cha Gabow kilisimama njiani. "Sangailu? Nilidhani kwenu ni Balambala."

"Balambala nanunua maziwa tu. Sisi ni wa Sangailu. Mwaka ule wa kiangazi kikali nilikuwa huko. Tuliambiwa boza la maji, lile lori la tangi, liko njiani. Ayeeyo alipanga mitungi kando ya barabara tangu alfajiri, na kijiji kizima kikapanga nyuma yake. Tulikaa hapo mpaka jua likazama. Boza halikuja. Baadaye tukasikia dereva ameyauza maji kwenye jengo moja hapa mjini. Mbuzi wa ayeeyo walikufa mmoja mmoja, akiwaita kwa majina." Alikunywa chai. "Wanasema alifungwa. Mimi siamini. Watu kama hao hawafungwi."

"Alifungwa," Gabow alisema.

"Umejuaje?"

"Ilhan, ni mimi."

Kicheko kilikuwa tayari kimepanda kooni mwa Ilhan, kwa mazoea. Kilifika mdomoni kikafa. "Mfungwa wangu, kuna vitu havifanyiwi mzaha."

"Sijawahi kufanya mzaha. Nilikuambia siku ya kwanza, mtungi wako ukiwa mikononi mwangu. Nikakuambia kila jioni. Ulicheka, nikadhani umenisamehe."

"Nilicheka kwa sababu nilidhani unanitongoza!"

Kreti ilianguka nyuma yake aliposimama. Gabow alisimama pia, mikono inamning'inia kama si yake. Alisema alichoweza kusema: kwamba mwenye jengo alimsimamisha njiani, kwamba alitamani sana kuonekana mtu wa maana mjini, kwamba hakuna aliyemlazimisha. Alisema hakuwa anajua sura za waliokuwa wakisubiri. Aliposikia maneno hayo yakitoka alijua ndiyo mabaya kuliko yote.

"Sasa unazijua," Ilhan alisema.

Alikwenda mpaka kwenye pikapu. Fundo lilikuwa limekaza kwa jasho la viganja vya Gabow. Ilibidi alifungue kwa meno, machozi yakimdondokea kwenye usukani. Wanawake walikuwa wameacha kuhesabu mitungi, wanatazama. Walimwona akiondoka na kitambaa kimekunjwa ngumini, na kesho yake, kabla jua halijachomoza, mzee Ogle aliitwa.

Gabow alipiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena, ikazimwa. Angeweza kwenda Nairobi, mahali ambapo hakuna anayemjua mtu. Binamu yake alimwita aje wauze mitumba. Alifika stendi, akasimama mbele ya basi la Nairobi, kisha akavuka barabara na kuomba lifti kwenye lori la unga linalokwenda upande wa Ijara, njia ya Sangailu.

Nyumba ya Timiro ilikuwa ya mwisho kijijini. Bibi mwenyewe alikuwa mdogo, mkavu, mwenye kilemba cheusi na fimbo aliyoitumia zaidi kuelekezea watu kuliko kutembelea. Gabow hakungoja kukaribishwa.

"Ayeeyo, mimi ni yule dereva wa boza. Maji yenu niliyauza mimi."

Bibi hakucheka. Alimtazama kuanzia nywele mpaka viatu.

"Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Nilidhani utakuwa mnene," bibi alisema. "Mtu aliyekula maji ya kijiji kizima." Kisha akaelekeza fimbo yake nyuma ya ua wa miiba, mahali ambapo wanaume wachache walikuwa wakichimba matope ndani ya silanga, lile bwawa kubwa linaloweka maji ya mvua. "Maji uliyouza hayarudi. Lakini silanga imejaa matope na mvua iko karibu. Koleo lile pale."

Gabow alichimba. Siku ya kwanza vijana wawili walitaka kumpiga, na Timiro akawaambia wampige jioni, akishamaliza zamu. Jioni walimkuta amelala na koleo mkononi, wakamwacha. Mchimbaji mmoja aitwaye Deeq hakumwita kwa jina: "Dereva! Mwaga matope yako hapa! Dereva, usiyauze njiani!" Watu walicheka, na Gabow naye akajifunza kucheka. Viganja vyake vilipasuka, vikapona, vikawa vigumu. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa baharini, na kila mtu alichimba akitazama juu.

Mchana mmoja Timiro alikuja ukingoni mwa silanga na simu yake ndogo. Aliishika mbali na uso na kupiga kelele, kwa maana aliamini Garissa ni mbali na sauti lazima isafiri.

"ILHAN! Kuna mtu wako huku!"

"Sina mtu, ayeeyo," sauti ikajibu kwenye spika. Gabow, matope yakimfika magotini, aliacha kuchimba.

"Mwembamba. Masikio makubwa. Anachimba silanga. Hajui kuchimba, lakini haachi."

"Amekuambia yeye ni nani?"

"Ameniambia kabla hajakaa! Siku ya kwanza nikamnyima chai. Baadaye nikampa ya rangi. Leo nimempa ya maziwa."

"Kwa hiyo umemsamehe."

"Mbuzi walikuwa wangu, na msamaha nautoa mimi nikitaka. Wewe tafuta wako, usiazime wangu. Unataka kuongea naye? Anasikia. Kijiji kizima kinasikia."

Deeq aliegemea koleo lake ili asikose neno.

"Warya," Ilhan alisema.

"Naam, afande," Gabow akajibu, na mara akajuta, lilimtoka tu.

Kwa mbali sana, kitu kama pumzi inayotaka kucheka kilisikika, kikazuiwa. "Umeenda huko ili nikurudishie kazi?"

"Hapana."

"Kwa nini basi?"

Gabow alifuta matope usoni kwa mkono wenye matope. "Safari ya huku niliikatisha katikati, Ilhan. Nilitaka kuifikisha mwisho."

Hakuna aliyecheka ukingoni, hata Deeq.

"Malizia silanga," Ilhan alisema, na simu ikakatika.

Walimalizia. Na mvua ilipokuja, ilikuja kama watu wanaokimbia! Kwanza vumbi lilinuka, kisha matone mazito kama vifungo vya koti, kisha anga yote ikafunguka. Kijiji kizima kilitoka nje. Maji yalishuka kwenye mifereji waliyoichimba, ya kahawia, yenye povu, yakaingia ndani ya silanga yakizunguka. Deeq alimbeba Gabow begani akipiga kelele, "Dereva! Boza limefika!" Na bibi Timiro, amelowa chapachapa, alikuwa akiwaita mbuzi wake wapya waje waone.

Barabara ilipokauka, Gabow alirudi Garissa juu ya lori. Alifika Soko Mugdi asubuhi, suruali imekuwa ya rangi ya udongo. Pikapu ilikuwa imesimama, wanawake wameizunguka, na mitungi imemwagwa kando: maziwa yameganda tena. Mzee Ogle alikuwa akieleza kwamba chai ya leo ilikuwa na tangawizi.

Ilhan alikuwa amesimama mlangoni mwa gari. Hijabu ilikuwa ile ile ya chungwa, na ukingo wake uliochanwa.

"Umechelewa," alimwambia. "Tangu mvua iishe nakuja hapa na hiki mfukoni." Akafungua kiganja: kitambaa.

"Ilhan," Hawo alisema, akisogeza miwani. "Habari zake tumezisikia. Unajua huyu ni nani?"

"Sasa najua, habaryar."

"Mara ile pia ulisema unajua."

"Mara ile nilimsimamia mtu niliyemtunga kichwani, ndiyo maana nikafungua kitambaa. Leo namsimamia huyu hapa. Aliuza maji ya bibi yangu, akafungwa, akatoka, akaenda kumwambia bibi mwenyewe usoni. Nani kati yetu ana dereva anayemjua hivyo?"

"Mwizi wa maji abebe maziwa!" mwanamke mmoja, Ruqiya, akasema kutoka nyuma.

Gabow alimgeukia. "Ndiyo, eeddo, shangazi. Niliiba. Ukitaka kuniuliza, niulize kila asubuhi, nitakujibu."

Ruqiya alimtazama, akatazama maziwa yaliyoganda miguuni pake, akatazama kikombe cha Ogle. "Yakipotea?" alimuuliza Ilhan.

"Itatumika mitungi yangu. Yote."

Hawo alitazama huku na huku. Akatoa funguo kwenye pindo la nguo yake na kumrushia Gabow, ambaye alizidaka kifuani.

Ilhan aliingia kwenye gari akafunga kitambaa, fundo moja, fundo la pili, akalivuta kwa meno. Vigelegele vikalipuka. Gabow aliingia upande wa pili, na kwa muda walikaa wawili mbele ya kioo chenye vumbi, mikono ya hina karibu na mikono yenye sugu.

"Nina neno," Gabow alisema. "Lakini usicheke."

"Siwezi kuahidi."

"Nataka kwenda kwa adeer yako, ndugu wa baba yako, kukuposa. Leo jioni, kama utaniruhusu. Na nitaanza kwa kumwambia nimetoka jela."

Ilhan alijitahidi. Aliuma midomo, akatazama juu, akatazama nje, akashindwa; kicheko kilimtoka kile kile cha siku ya kwanza, mpaka akaegemea usukani na honi ikalia, na wanawake wote wakageuka.

"Mwambie mapema," alisema, akifuta macho kwa ukingo wa hijabu, "kabla hajaagiza chai."

"Na akicheka?"

"Akicheka, macaanto, mwambie tena. Mwambie mpaka aamini. Mimi nitakuwa nimekaa hapo hapo."